Saa za kusubiri: siku yangu moja ofisini Arusha

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mtaani kwetu Sakina bado kuna giza, na baridi ya Mlima Meru imeingia hadi jikoni. Leo, kabla sijalala, ni lazima niijibu barua ya benki moja ya uwekezaji ya Nairobi inayotaka kuniajiri kama mchambuzi wa ngazi ya chini, kwa mshahara unaokaribia mara tatu ya ninaolipwa sasa. Nyumbani wameshashukuru Mungu. Mimi bado ninajiuliza nitaishije humo.

Saa moja na nusu. Ndani ya kifodi, basi dogo la abiria, kuelekea Mnara wa Saa ninapitia tena ninayoyajua kuhusu kazi hiyo. Mwaka 2013 mwanafunzi wa miaka 21 aliyekuwa mafunzoni katika benki kubwa jijini London alifariki kwa kifafa, na mchunguzi wa kifo chake akasema huenda uchovu ulichangia, ingawa hilo halikuthibitika. Mwaka 2021 wachambuzi 13 wa mwaka wa kwanza wa Goldman Sachs, benki ya uwekezaji ya Marekani, walieleza kwamba walikuwa wakifanya kazi takribani saa 95 kwa wiki. Na mwaka 2024 JPMorgan, benki nyingine ya Marekani, ikawawekea vijana wake ukomo wa saa 80 kwa wiki. Huo ndio ukomo! Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika kila wiki nne.

Saa mbili kamili. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, mwanangu, umeamkaje?" Ofisi yetu ya ushauri wa fedha ina watu sita, na mkuu wetu sote tunamwita Mama. Ninaendelea na makadirio ya hoteli moja inayotafuta mkopo wa kujenga vyumba vipya.

Saa nne na robo. Nimegundua kosa. Jedwali zima liko katika maelfu ya shilingi, lakini mstari wa gharama za umeme niliuandika katika mamilioni, hivyo umeme wa mwaka mzima unasomeka kama bei ya magunia machache ya mkaa, na faida imevimba. Jedwali hilo lilikwenda kwa mteja jana. Ninampelekea Mama huku mikono ikinitetemeka. Anavaa miwani, anaweka kidole juu ya mstari ule, anakaa kimya kidogo, kisha anasema, "Nami niliupitia, sikuuona." Anampigia mteja simu mbele yangu na kusema "tumekosea", bila kutaja jina langu. Mwaka jana, katika ofisi moja ya Dar es Salaam nilikofanya mafunzo, kosa dogo kuliko hili lilisomwa kwa sauti mbele ya watu kumi na wawili, na tangu siku hiyo nikajifunza kuficha. Ofisi inayowafundisha vijana kuficha makosa ya hesabu inacheza na fedha za watu.

Saa saba. Ndizi nyama, dakika ishirini.

Saa tisa alasiri. Ninazungumza kwa simu na dada mmoja aliyeajiriwa katika benki ile ya Nairobi mwaka mmoja uliopita. Simuulizi kama anaipenda kazi, kwa sababu swali hilo hujibiwa kwa adabu tu. Ninamuuliza, "Jana uliondoka saa ngapi, na saa ya mwisho ulikuwa unafanya nini?" Anasita. "Saa sita usiku. Nilikuwa namsubiri mkuu arudi kutoka kwa mteja, anipe masahihisho." Ndivyo ilivyokuwa Dar es Salaam pia: wakubwa hushinda kwenye vikao, hurudi jioni, ndipo masahihisho yanaposhuka kwa vijana waliokaa tangu saa kumi wakizungusha viti. Kazi nyingi sikuwahi kuiogopa, na wiki ya kufunga mkataba kila mtu anajua hatalala. Ninachokiogopa ni usiku wa kawaida unaoliwa na kusubiri, kwa kuwa hakuna aliyeona haja ya kusema nenda. Ninamuuliza kama kuna aliyewahi kuruhusiwa kuondoka mkuu akiwa nje. Anasema, "Hatujawahi kuuliza, dada."

Saa kumi na moja jioni. Jedwali limesahihishwa. Mama yuko Njiro kwa mteja mwingine, na ujumbe wake unaingia: "Nenda nyumbani, nitalisoma kesho asubuhi."

Saa mbili usiku. Ninaiandika barua mara tatu. Katika ile ya mwisho ninawashukuru, ninaeleza kwamba sitakuja, na ninataja sababu kwa jina lake: saa za kusubiri. Kaka yangu mkubwa anaisoma kabla sijaituma na kusema nimeacha fedha nyingi mno. Ni kweli, nimeziacha. Ninaituma saa mbili na dakika arobaini.