Nyasi bahari kwa watoto wa ziwani

Ninafundisha Bayolojia katika shule moja ya sekondari hapa Kisumu. Klabu yetu ya mazingira ilipoamua kuadhimisha Siku ya Nyasi Bahari Duniani, tarehe 1 Machi, kazi ya kuandaa somo ikaniangukia mimi. Wanafunzi wangu wanayajua mafunjo ya Dunga, na magugu maji wanayajua hata wasipotaka. Nyasi bahari hawajawahi kuziona, na wengi walidhani ni mwani. Hilo nililimaliza haraka ubaoni: mwani hauna mizizi ya kweli wala maua, nyasi bahari zina vyote viwili na huchavushana humohumo majini.

Pwani yetu ina aina 12 za nyasi hizi, na mojawapo, Zostera capensis, tayari imo katika ngazi ya kwanza, yaani ya chini, ya hatari ya kutoweka. Ningeweza kuanza nayo. Lakini nilichagua ndugu yake ambaye hayuko Kenya kabisa, Zostera marina, kwa sababu taarifa yake katika Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linalopima hatari ya viumbe kutoweka, huwachanganya hata watu wazima. Tathmini ya mwaka 2010 iliuweka mmea huu katika kundi la wasiwasi mdogo, na papo hapo ikasema unapungua.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono. "Sasa mwalimu, kama hauna shida, sisi tunaadhimisha nini?"

Sikumjibu. Nilitandika karatasi ya manila niliyochora ramani ya nusu ya kaskazini ya dunia, nikawagawia punje za mahindi wazipange kila mahali mmea huu unapoota: kuanzia Alaska kushuka hadi Meksiko, Japani na Korea, pwani ya mashariki ya Kanada na Marekani, kisha Ulaya mpaka Bahari Nyeusi. Nikaanza kuwaamuru. Ghuba hii imejaa matope na maji ya mbolea, mwanga haufiki chini, ondoeni punje. Hapa wamechimba bandari, ondoeni. Waliondoa, wakaondoa, na ramani bado ilionekana imejaa.

Hapo ndipo nilipowapa kigezo. Ili kiumbe kiingie ngazi ya kwanza ya hatari kwa sababu ya kupungua, kwa kawaida kinapaswa kuwa kimepoteza angalau asilimia 30 katika miaka 10 au vizazi vitatu, kutegemea upi ni muda mrefu zaidi. Hesabu hiyo hupigwa kwa dunia nzima. Anayeishi kando ya ghuba iliyobaki tupu haoni asilimia, anaona tope. Wavulana wa nyuma, ambao kwa kawaida huwa wanasubiri kengele, walianza kubishana kama hiyo ni haki.

Nikawaongezea kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, ugonjwa unaohusishwa na kijidudu kiitwacho Labyrinthula uliangamiza takriban asilimia 90 ya Zostera marina katika Atlantiki Kaskazini. Mmea wenyewe haukuisha, kwa kuwa ulisalia kwenye midomo ya mito na vidimbwi vya pwani, ambako maji hayana chumvi nyingi na ugonjwa haukufika kwa nguvu. Lakini upande wa Amerika aliishi konokono mdogo, Lottia alveus, ambaye chakula chake kilikuwa majani ya mmea huo tu, na maji yenye chumvi kidogo hakuyaweza. Mara ya mwisho kuokotwa akiwa hai ilikuwa mwaka 1929. Mmea leo ni wa wasiwasi mdogo, naye hayupo. Na msiba ule wa miaka ya 1930 ni wa zamani mno kuingia katika hesabu ya miaka 10.

Darasa lilinyamaza kidogo, halafu msichana mwingine, anayetoka Siaya, akasema, "Kumbe ni mambo ya ngege."

Nilimpa chaki. Akachora Ziwa Victoria, akachora na Ziwa Kanyaboli pembeni, katikati akajaza mafunjo ya Yala. Akaeleza, nami nikimsaidia tarehe tu, jinsi ngege, samaki wa asili wa ziwa hilo, alivyovuliwa kupita kiasi, kisha mbuta na sato wageni wakaletwa kuanzia miaka ya 1950, hadi ngege akawa adimu ziwa kubwa. Kanyaboli bado yupo, kwa sababu mbuta hawezi kupita kwenye kinamasi chenye hewa haba. Nyanya yake humpika. Sikuwa nimepanga kumtaja ngege hata kidogo, na ndiye aliyenifundishia somo.

Dakika chache zilizosalia nilizitumia kwa habari ya Virginia, Marekani, ambako mashamba ya nyasi yaliyokufa hayakurudi yenyewe mpaka watu walipomwaga mbegu zaidi ya milioni 70 kuanzia mwaka 1999. Sasa yamefunika zaidi ya hekta 3,000.

Mwalimu atakayejaribu somo hili ahakikishe punje ni nyingi, na vigezo vije baada ya mchezo, si kabla. Muhula ujao tutachora ramani ya ziwa letu, kila kikundi kiteue samaki wake. Yule msichana wa Siaya ameshanionya kwamba ngege ni wake, asipewe mtu mwingine.