Jinsi nilivyorudisha majina kwenye ubao wa askari wa Tabora

Ubao ni wa mti wa libuyu, una majina ya askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo ya Wabelgiji, waliopigana hadi Tabora ikatekwa Septemba 1916. Familia moja hapa Bukavu imeutunza, ila vanishi ilikuwa nyeusi tii, majina hayasomeki. Kila fundi alisema, "Piga msasa, paka upya." Msasa! Herufi zilipakwa tu, hazikuchongwa, zingekwisha zote.

Nilifunga mapazia, nikalaza tochi ubavuni mwa ubao ili mwanga upite juu juu. Rangi ina unene wake hata ikififia: kila herufi ikatoa kivuli chembamba, nikanakili jina kwa jina, na tahajia zake za kizungu za ajabu ajabu.

Nikajaribu kwenye kona ya chini. Maji, wapi, spiriti ikalainisha vanishi mara moja, basi ni shelaki, vanishi inayoyeyuka kwa spiriti. Kwa pamba kwenye kijiti nikaiondoa polepole kuzunguka herufi. Juu ya herufi zenyewe nikaacha tabaka jembamba la vanishi. Matundu ya wadudu hayakutoa unga mpya, dalili kwamba wadudu hawali tena, nikayaziba kwa nta.

Mzee wa familia alitaka ubao ung'ae. "Unisamehe, Papa, uking'aa kama jeneza nani atausoma?" Akacheka, akakubali nta kidogo tu. Sasa umetundikwa ukuta wa ndani, mbali na dirisha.