Shahada Niliyoibeba Hadi Lamu

Kaka yangu alinitumia shahada, ile kauli ya imani ya Waislamu, kwa WhatsApp usiku ule nilipomwambia nimeshakata tiketi ya kwenda Lamu. Aliiandika kwa herufi zetu hizi, silabi kwa silabi, kama anavyoandikiwa mtoto wa darasa la kwanza. Chini yake akaongeza: "Ikariri. Wakisimamisha basi, hiyo ndiyo wanayouliza."

Sisi ni Walutheri wa Moshi, na kaka ni mzee wa kanisa, lakini wala sikushangaa. Habari za basi la Mandera tulikuwa nazo, la Novemba 2014, abiria 28 walipotengwa na wenzao kwa kuwa si Waislamu wakauawa na al-Shabaab, wapiganaji wa kutoka Somalia. Za Chuo Kikuu cha Garissa tulikuwa nazo pia, Aprili 2015, watu 148. Nikaikariri. Nilikuwa naisema hata ninapokwangua ndevu asubuhi.

Mimi ni seremala. Mteja wangu mmoja, mwenye nyumba ya wageni, alitaka mlango wa nakshi za Lamu, akanipa picha tatu za kwenye simu. Nakshi hujui kina chake kwa picha. Lazima upitishe kidole. Ndiyo maana nilikwenda. Njia ya Moshi hadi Mombasa kupitia Holili na Voi siisimulii, mgongo uliuma basi.

Basi la Lamu liliondoka Mombasa saa moja asubuhi. Nililipa shilingi 1,500 za Kenya kwa kiti ambacho sponji yake ilikwisha zamani, chuma kinakupata pajani kila gari linapokanyaga tuta, na nilipomwambia utingo akanijibu kwamba viti vyote ndivyo vilivyo. Dirishani alikaa mzee wa kanzu, ndevu zimetiwa hina, amepakata mkoba wa kitambaa. Tulisalimiana. Naandika ukweli: nilipomwona nilitamani nihamie kiti kingine, na basi lilikuwa limejaa.

Tulipovuka daraja la Kilifi nilifumba macho nikaanza kuirudia ile shahada kwa mnong'ono. Nadhani niliisema mara nne au tano. Nilipofumbua macho, mzee alikuwa ananitazama.

"Umesilimu karibuni, mwanangu?"

Nikasema hapana.

"Basi wasoma nini?"

Ningeweza kudanganya. Sijui kwa nini sikudanganya. Pengine kwa sababu aliuliza kwa upole sana. Nikamwonyesha simu, ujumbe wa kaka na yote yaliyoandikwa chini yake. Akavaa miwani, akasoma polepole hadi mwisho, akanirudishia. Alinyamaza muda mrefu, hata nikaona nimemtusi.

"Neno hili," akasema, "mtoto akizaliwa hulisikia ndani ya adhana, sikioni, kabla hajajua titi la mamake. Baba yangu nilimlakinia mimi mwenyewe, roho ikitoka. Na wewe unalibeba kama kitambulisho, upite nalo kizuizini."

Sikuwa na la kumjibu.

Kisha akafanya jambo ambalo nimelifikiria kuliko jambo lingine lolote la safari ile. Alinisogelea akasema, "Kama ni la kukuokoa, basi lisome vizuri. Hiyo ha ya Muhammad si ha ya hewa. Itoe kooni." Akaisema yeye. Nikaisema mimi. Akatikisa kichwa, akaisema tena, kidole chake amekiweka kooni mwake ili nione inakotoka. Mzee yule, moyo wake nimeuumiza dakika tatu zilizopita, sasa ananifundisha neno lake tukufu ili wanaoua kwa jina la dini yake wasinidhuru. Tulifanya hivyo mpaka karibu na Watamu.

Alikuwa mwalimu wa chuo, hivi vyuo vya kusomeshea watoto Kurani. Nikawa namwita Maalim.

Malindi tulisimama kupakia. Muuza korosho alipita dirishani, na abiria mmoja nyuma akaanza kusimulia Shakahola, kwamba msitu wenyewe uko huko ndani, upande wa bara. Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi kule, na hesabu ikapita miili 400, watoto wengi miongoni mwao. Mhubiri wao alishtakiwa kwa kuwaambia wafunge wasile wala kunywa mpaka wakutane na Yesu. Nilikuwa nayajua hayo yote kutoka redioni. Lakini pale, nimekaa kando ya Maalim, niliyasikia upya. Mhubiri yule alishika Biblia, hii hii ninayoiweka mimi kando ya kitanda. Na baada ya Shakahola hakuna aliyenitazama vibaya ndani ya daladala. Hakuna aliyeniuliza kama na mimi nafunga namna ile. Nilivuka mpaka wa Holili na msalaba wangu shingoni bila mtu kuugusa. Maalim hakulisema jambo hilo hata kwa neno moja. Alinunua korosho akanigawia.

Baada ya Garsen vizuizi vilianza kufuatana. Barabara ile ni ya hatari kweli, sitaki mtu adhani askari wanajikalia tu. Mpeketoni, ambako zaidi ya watu 60 waliuawa Juni 2014, ni upande huo huo, na magari yamewahi kushambuliwa njiani. Kwenye kizuizi kimoja tuliteremshwa sote. Mimi, mgeni, mwenye pasipoti ya nchi nyingine, nilitazamwa nusu dakika nikaambiwa karibu Kenya. Maalim, aliyezaliwa Lamu, akawekwa kando.

Ilikuwa saa nzima na zaidi. Mkoba wake ulimwagwa juu ya meza ya mbao: shuka, dawa za presha, mswaki, tasbihi, na vitabu vitatu. Kimoja kilikuwa msahafu, umefungwa kwa kitambaa cheupe. Askari kijana akaufungua kitambaa, akaushika jalada moja, kurasa zikaning'inia. Nilimwona Maalim akinyoosha mikono yote miwili chini yake, kama mtu anayekinga mtoto asianguke. Akaulizwa vitabu hivi vinafundisha nini, anampelekea nani, kwa nini ana ndevu za rangi. Alijibu kila swali kwa "naam, bwana". Jua la saa sita lilikuwa juu ya kichwa chake na hakuna aliyempa kivuli.

Mimi nilikaa chini ya mkwaju na wenzangu. Nilijua mtu yule ni nani. Ningeweza kusimama niseme, "Afande, huyu mzee nimetoka naye Mombasa." Sikusimama. Abiria wengine walilalamika kwamba tunacheleweshwa, na mmoja akasema kwa sauti kwamba hao ndio wanaotuletea haya. Hata huyo sikumjibu.

Aliporudi kitini jasho lilikuwa limelowesha kanzu mgongoni. Nikamwomba radhi. Akaniuliza ya nini. Nikasema, ya kukaa kimya. Akasema, "Ndia ni ndefu, kunywa mayi," akanipa chupa yake. Wao husema hivyo, ndia kwa njia, mayi kwa maji.

Hapo ndipo nilipomuuliza lile nililolificha tangu Mombasa. Nilikuwa na video, mmoja wa wale wahubiri wa uwanjani anasoma kutoka Kurani kwamba washirikina wauawe popote wanapokutwa. Je, imo au haimo?

"Imo," akasema. "Sura ya tisa, aya ya tano."

Nilitegemea akane. Badala yake akatoa kile kitabu kikubwa zaidi mkobani, tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy iliyotoka mwaka 1969, akanitafutia ukurasa na kunipa nisome mwenyewe, kwa lugha yangu. Nikaisoma ya tano. Akasema, "Rudi nyuma moja." Ya nne inawatoa wale waliotimiza mapatano yao. "Sasa nenda mbele, ya sita." Ya sita inasema mshirikina akikuomba ulinzi umlinde, asikie maneno ya Mwenyezi Mungu, kisha umfikishe mahali pake pa amani. Nikaisoma mara mbili. Umfikishe, si umwache njiani tu. Akanieleza kwamba aya zile ziliwahusu Waarabu waliovunja mikataba ya vita, na kwamba mtu asiyejua sababu za kushuka aya atakuwa anasoma barua ya watu wengine.

Nikambana. Mbona wale wanaoua wanaijua Kurani kwa moyo? Hakukwepa. Alisema wapo hata wanavyuoni wa zamani waliosema aya ya tano imefuta aya nyingi za upole, na wapo wengine wakubwa vilevile waliokataa, na ubishi huo haukuanza jana. "Wao wana aya, na mimi nina aya," akasema. "Kwetu watoto hufundishwa mapema: *ole wao wanaosali*. Ukikomea hapo umewalaani wasalio wote. Aya ya pili yake ndiyo yasema ni wale wanaopuuza sala zao."

Nikakumbuka Luka 19, mstari wa 27, ambako imeandikwa maadui waletwe wachinjwe "mbele yangu". Ni maneno ya mfalme katika mfano wa mafungu ya fedha. Mtu akikukatia mstari huo peke yake akauweka kwenye video, ungesema nini juu ya Kanisa?

Karibu na Witu akaniambia habari ya mwanafunzi wake. Kijana mwenye sauti nzuri, juzuu kumi za Kurani alizihifadhi kabla ya miaka kumi na miwili. Kisha akaanza kusikiliza mawaidha ya simuni usiku, akaacha kumwamkia mwalimu wake, ati kwa kuwa mwalimu husoma maulidi, sifa za kuzaliwa kwa Mtume, ambazo mawaidha yale yaliziita uzushi, na siku moja hakuonekana. Wakasikia yuko Somalia. "Herufi nilimfundisha mimi," Maalim akasema, akatazama nje. "Alifu, bee, tee. Mimi, kwa mkono huu." Sikuuliza zaidi, na hakusema tena mpaka Mokowe, ambako basi huishia na watu huvuka kwa boti hadi kisiwani Lamu.

Pale gatini wenye boti walitaka kunitoza mimi peke yangu bei ya mtalii, mara nne ya wenzangu, Maalim akawakemea kwa Kiamu nikalipa kama wengine. Siku zangu tatu za Lamu zilikwisha kwa kupima, kuchora na kulala chumba cha ghali kisicho na upepo. Maalim alinitembeza asubuhi moja. Juu ya mlango wa nyumba kuukuu nilikuta maandishi ya Kiarabu yamechongwa ndani ya maua, patasi ya mtu mwenye subira kabisa. Nikayapitishia kidole, naye akanisomea: *Hadha min fadhli Rabbi*. Hii ni katika fadhila za Mola wangu.

Mlango sasa uko karakanani Moshi, wa mninga, mfaa, ule ubao wa katikati, umekwisha, maua yamekwisha. Mteja alikuja Jumamosi akafurahi, mpaka nilipomwonyesha mchoro wa yale maandishi ya juu. Akarudi nyuma hatua moja. "Hayo toa. Watu watasema nini?" Nikamwambia maana yake. Nikamwambia aliyenisomea ni nani, na yaliyotokea njiani, yote, pamoja na mkwaju niliokaa chini yake. Alisikiliza akiwa amesimama, funguo za gari mkononi, akasema atafikiria.

Ubao wa juu nimeuacha mtupu. Penseli tayari imepita.