Nani atanunua formalini?

Lubumbashi, Alhamisi jioni

Leo tumepitia tena rasimu ya mapatano ambayo watafiti wa ng'ambo wanataka kuyatia saini na maabara yetu kuhusu sampuli za saratani ya titi, na mabishano yote yaliangukia kipengele kimoja: nani atanunua formalini, dawa ya kuhifadhi tishu zisioze.

Sidharau kazi iliyokwisha kufanyika. Mwaka 2020 ulichapishwa uchambuzi wa jenomu kamili (yaani DNA yote ya seli) 2,658 za aina 38 za saratani, uliofanywa na wanasayansi zaidi ya 1,300 kutoka nchi 37, kazi ambayo taifa moja lisingeiweza. Hata hivyo, wengi wa wagonjwa wale walikuwa wa asili ya Ulaya. Ndiyo maana naupenda zaidi utafiti wa Uganda wa mwaka huohuo, uliochunguza saratani ya mlango wa kizazi kwa wanawake 118, 72 kati yao wakiishi na VVU, ukaonyesha kwamba aina ya kirusi cha HPV, kinacholeta saratani hiyo, hubadili namna jeni zinavyofanya kazi ndani ya uvimbe. Hilo ni swali letu, limejibiwa kwa tishu zetu.

Lakini tishu huharibika mapema. Kipande cha titi kitakachopimwa HER2, protini inayochochea baadhi ya saratani za titi, kinapaswa kukaa ndani ya formalini kwa saa 6 hadi 72. Kwetu kinafika kwa barabara kutoka mji wa mbali wa Kasenga, ndani ya kichupa kilichokuwa cha mayonezi, bila karatasi inayosema kilitumbukizwa lini. Formalini iliyogeuka asidi hukatakata DNA, na tena huharibu saitosini, moja ya herufi za DNA, hata isomwe kama thaimini, herufi nyingine, kisha mashine ya kusoma DNA, isiyojua habari za barabara, inaripoti badiliko ambalo mgonjwa hana.

Mwenzetu mmoja wa ng'ambo aliandika kwamba bajeti ni ya kusoma jenomu, si ya vichupa. Nimemjibu kwamba HER2 hutambuliwa papa hapa, kwa kuitia tishu rangi inayobebwa na kingamwili, na kwamba trastuzumabu, dawa inayoilenga HER2, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015 (bei yake ni habari nyingine). Kwa hiyo mwanamke anayeitolea sayansi kipande cha mwili wake apewe kwanza jibu la kipimo hicho, ndipo sampuli ipande ndege. Kipengele hicho tumekiandika upya pamoja na formalini na vichupa, na rasimu imerudishwa kwao.