Soko la wanafunzi na vibandiko vya bei

Kamati ya soko letu la chuo ilikuwa na sharti moja nililolipinga tangu kikao cha kwanza: kila bidhaa iwe na kibandiko cha bei, na bei ikishaandikwa haishuki. Eti ndio usawa. Nikawaambia hapo mnajenga supamaketi na kuitundikia maua. Kura zikapigwa, nikashindwa.

Kwa mapambo lakini, niwape haki yao. Tuko Pune, na uwanja ambao siku zote ni maegesho ya pikipiki uligawanywa vichochoro vitatu, kila kimoja na jina la soko la India. Cha vitafunwa kiliitwa Chandni Chowk, kwa jina la soko la Delhi ambalo Jahanara, binti wa Shah Jahan, alilibuni karne ya 17. Cha nguo kikaitwa Johari Bazaar, la Jaipur, ingawa lenyewe ni soko la vito. Hapo vijana wa usanifu walipaka mbao zote rangi ya waridi, kama mji ule ulivyopakwa mwaka 1876 kumlaki mwana wa Malkia Victoria. Rangi haikuwahi kukauka, na watu wengi walirudi bwenini na viwiko vya waridi. Cha tatu kilikuwa Laad Bazaar, soko la bangili lililo jirani na Charminar, lile jengo la minara minne kule Hyderabad. Mimi na mwenzangu wa chumba tulikuwa huko.

Laad Bazaar yenyewe inasifika kwa bangili za lac, aina ya utomvu mgumu, zilizopachikwa vipande vya kioo. Mtaji wetu haukufika huko. Tulichukua za kioo kitupu, zile za Firozabad, kwa bei ya jumla hapa hapa Tulshibaug, kwenye vile vijiduka vilivyobanana kuzunguka hekalu la Rama. Dazeni rupia 25, tukabandika 60.

Mgeni wa bangili za India ajue kwanza habari ya saizi. Ukiona 2.4 usidhani ni inchi mbili na nukta nne. Ni inchi 2 na sehemu 4 kati ya 16, na hicho ni kipenyo cha ndani. Kwa hiyo 2.4 na 2.6 zinapishana kiasi kidogo sana, ila kiasi hicho ndicho kinachoamua kama bangili itapita kwenye kifundo au itakuvunjikia mkononi. Wanunuzi wetu wengi walikuwa hawajui saizi zao. Tukawa tunawavika mfuko wa nailoni mkononi ili bangili iteleze, na foleni ikawa haisogei.

Mteja wa kwanza alikuwa mama anayefanya usafi bwenini kwetu, ambaye wote tunamwita Maushi. Alichukua dazeni ya kijani, akatazama kibandiko.

"Sitini? Nakupa thelathini na tano."

"Maushi, bei imeandikwa."

"Kaandika nani? Si wewe? Basi futa."

Nikageuka kutafuta msaada, nikapigwa teke chini ya meza. Mwenzangu kwao ni watu wa duka, na kwake mauzo ya kwanza ya siku, bohni, hayachezewi: mteja huyo akiondoka mikono mitupu, siku nzima imeharibika. Tukaafikiana 40. Alitoa noti mbili za ishirini, mwenzangu akazigusisha kwenye paji la uso kabla ya kuziweka kwenye kopo.

Maushi hakuondoka. Alipoona ule mfuko wetu wa nailoni alitikisa kichwa, akavuta kiti. Alishika mkono wa msichana aliyefuata, akaukunja dole gumba ndani ya kiganja, akaminya ule mfupa ulio chini yake mpaka mkono ukawa mwembamba, na bangili zikapita tatu kwa mpigo. Saizi alikuwa anaijua kwa kugusa tu. Kwa muda aliokaa pale hakuna bangili iliyovunjika, na mimi kazi yangu ikabaki kukatakata uzi wa kufungia.

Bei ndiyo ikawa imekwisha habari yake. Siku hizi karibu kila mtu hulipa kwa UPI, mfumo wa India wa kulipa kwa simu ulioanza mwaka 2016: unapiga picha msimbo, unaweka kiasi, basi. Programu ya mwenzangu ilikuwa ya wafanyabiashara, ile inayotangaza malipo kwa sauti. Kila tulipomwachia mtu kwa arobaini, simu ililitangazia soko zima kwa Kihindi kwamba zimeingia rupia arobaini. Aliyefuata angekubalije sitini?

Huko kwenye vitafunwa mambo yalikuwa hayo hayo. Wauza pani puri, vile viputo vikavu vya unga vinavyojazwa maji ya viungo, walihesabu vipande sita kwa sahani, wakafunga mahesabu. Wateja hawakuondoka. Walisimama na kibakuli mkononi wakidai kile kipande kikavu cha mwisho ambacho kila muuzaji wa barabarani hutoa bure. Kamati ikaitwa, na mwenyekiti, ambaye naye alikuwa foleni, akaamua kitolewe.

Kikao cha soko lijalo kimeshaitwa, na suala la vibandiko limo kwenye ajenda. Mimi sina haja ya kusema sana. Nimemwomba Maushi ahudhurie. Zimebaki bangili za 2.2 peke yake, nyekundu na bluu. Kama uko Pune na mkono wako ni mdogo, njoo bweni la wasichana jioni. Naanzia sitini.