Nilivyoipata ovaloki bila kukimbilia bei

Sare za shule ndizo zinazonilisha hapa Moshi, kwa hiyo Novemba nilikuwa na shida kubwa ya ovaloki, ile mashine ya kushona kingo za kitambaa zisifumuke, kabla ya Januari. Duka moja la mtandaoni lilikuwa nayo, iliyotumika, kwa shilingi 900,000. Ukiomba punguzo pale hujibiwi na mtu, unajibiwa na programu. Mimi nimezoea soko la Memorial: unageuka kama unaondoka, unasikia "dada, rudi tuongee."

Nilishaumia hapo hapo kwenye pasi ya mvuke. Programu iliandika "bei ya mwisho 175,000, dakika kumi." Nilipoona dakika zinapungua nikalipa. Jirani yangu aliiacha pasi kama hiyo, kesho yake akaletewa kwa 150,000.

Mtoto wa kaka yangu anasoma kompyuta Arusha. Nilipomsimulia akasema, "Shangazi, kupatana unajua. Kilichokuponza ni hofu ya kukosa." Akanieleza kuwa katika hesabu za kupatana zilizoanza na makala ya mwanahisabati John Nash ya mwaka 1950, anayeogopa zaidi kutoka mikono mitupu ndiye anayeambulia kidogo. Akanitajia pia Kasbah, soko la majaribio la chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1996: ulikuwa unaipa programu bei yako ya juu na siku ya mwisho, kisha unachagua ipandishe dau mapema au ibane mpaka muda ukaribie kuisha. Anayepandisha mapema hupata haraka, kwa bei kubwa. Anayebana huenda akaokoa pesa, huenda akakosa kabisa.

Hapo ndipo nilipokwama. Kukosa kwangu ni msimu mzima, na sioni aibu kuogopa hilo. Mama mmoja tunayesali naye alibana bei ya mashine ya kudarizi hadi ikachukuliwa na mwingine, kazi ya harusi ikampita.

Basi nikaanza na hofu yenyewe. Nilikwenda Kiborloni kwa mzee mmoja fundi, akakubali kunikodisha ovaloki yake kwa 5,000 kwa siku nikikwama. Nikarudi, nikaandika kwa chaki pembeni ya meza ya kukatia: 780,000, Desemba 15.

Nilianza na 620,000. Programu ikashuka hadi 880,000, mimi 640,000. Siku ya nne ikaja na 820,000 na zile dakika zake kumi. Niliifunika simu kwa kitambaa nikaendelea na kola ya shati. Mkono ulitetemeka hadi sindano ikatoka nje ya mstari, ikabidi nifumue. Siku mbili kimya. Usiku wa pili sikulala vizuri, nikawa napiga hesabu za kukodi. Siku ya tatu asubuhi: 760,000. Nikalipa palepale, sikuongeza neno.

Mzee wa Kiborloni nilimpelekea pesa ya siku mbili ingawa mashine yake sikuigusa. Alikataa kwanza. Nikamwambia ni haki yake, kwa sababu bila neno lake ningelipa 820,000.