Nilivyochora kihisi kwa leza ya fundi wa vikombe

Mama alipopata kiharusi mwaka juzi, mkono wake wa kulia ulilala. Kliniki walimpa mazoezi ya kukunja na kukunjua vidole kila asubuhi, lakini yeye alikata tamaa mapema kwa sababu haoni tofauti ya leo na jana. Hata mimi sikuiona. Nikataka kitu cha kumwonyesha kwa namba: kihisi chembamba cha kubandika mgongoni mwa kidole, kinachobadilisha ukinzani wake wa umeme kidole kikijikunja. Vya dukani kwa vidole vitano vilinishinda bei.

Njia iliyozoeleka viwandani ya kutengeneza mistari midogo ya umeme inahitaji chumba kisicho na vumbi, dawa inayobadilika ikipigwa mwanga, na kiolezo ambacho lazima kitengenezwe upya kila ukigusa mchoro. Mimi naishi mtaa wa Umoja, Nairobi, chumba kimoja na jikoni. Nilichohitaji ni mbinu za kuchora moja kwa moja: mchoro uko kwenye kompyuta, na chombo kinauandika juu ya kitu chenyewe, bila kiolezo. Wengine husukuma wino wa fedha kwa bomba la sindano. Wengine hutumia leza, na wapo waliofika mbali sana. Mwaka 2001 watafiti wa Osaka walichonga kwa leza sanamu ya fahali mwenye urefu wa mikromita 10 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), mdogo kuliko unene wa unywele. Mimi ningetosheka na mstari wa mikromita 200.

Iliyonifaa ni grafini ya leza. Mwaka 2014 kikundi cha James Tour, Chuo Kikuu cha Rice kule Houston, kilionyesha kwamba leza ya kaboni dioksidi, ile ya kukatia mbao na akriliki, ikipita juu ya plastiki iitwayo poliimidi inaigeuza kaboni yenye vinyweleo inayopitisha umeme, ndiyo hiyo grafini. Baadaye walichora hata juu ya mkate, kiazi na kifuu cha nazi. Na poliimidi unaijua: ni ile tepu ya rangi ya dhahabu ambayo mafundi wa simu hubandika kukinga joto wanapochomelea. Nilinunua roli pana barabara ya Luthuli mjini, nikaenda River Road kwa mzee anayechonga majina kwenye vikombe na ngao za zawadi.

Aliishika tepu, akainusa. "Dada, hii si vinili? Vinili ikiungua inatoa moshi wa klorini. Utakula lenzi yangu na vyuma vyote."

"Hapana, mzee. Hii haina klorini."

"Basi anza na kipande kidogo. Na hiyo feni ya moshi isizimwe."

Mashine yake haisemi wati, inasema asilimia tu, na asilimia ya mashine moja si asilimia ya nyingine. Kwa hiyo sikuiga namba za mtu. Nilichora miraba 25 ya sentimita moja moja: kila safu nguvu yake, kila mstari kasi yake. Pembe moja ilitoboka. Pembe ya pili ikabaki na rangi ya chai, umeme haupiti kabisa. Katikati ikatoka nyeusi tii, laini kama mahameli. Ningemwambia yeyote anayeanza afanye ubao huu kila anaporudi kwenye mashine. Nilirudi baada ya miezi miwili nikakuta mraba bora umehama, kwa kuwa mrija wa leza huchoka.

Kuchora kulinichukua siku moja. Kupima kulinichukua majuma matatu, na hapo ndipo nilipojifunza kazi yenyewe. Nilibana vibanio vya mita ya umeme kwenye mraba nikapata ukinzani wa ohmu 90. Nikabana tena, 140. Nikakaza, 70, na unga mweusi ukabaki kwenye kibanio. Nilichokuwa napima kilikuwa zaidi mguso wa kibanio kuliko grafini.

Dawa yake ni kutumia ncha nne. Nilichora utepe wa upana wa sentimita moja, nikapaka rangi ya fedha mikanda minne ya kuukata upana wote. Mkondo unaingia na kutoka kwenye mikanda ya nje. Volti unaipima kwenye mikanda miwili ya ndani. Mita ya volti hainyonyi mkondo wa maana, hivyo ubovu wa mguso hauingii kwenye hesabu. Mkondo niliutoa kwenye LM317, kijisehemu cha kudhibiti umeme, na rezista ya ohmu 120: volti 1.25 gawanya kwa 120, unapata miliampia 10.4. Mikanda ya ndani ilikuwa umbali wa sentimita mbili, yaani miraba miwili, na mita ikasoma volti 0.75. Hiyo ni ohmu 72, au 36 kwa kila mraba. Nikapima mara kumi, namba haikuyumba. Nilifurahi hadi jirani akagonga ukuta.

Halafu utepe mwingine ukanipa karibu mara mbili. Hadubini ya kuchomeka kwenye laptopu ilinionyesha sababu: leza huchora kwa mistari sambamba kama jembe la ng'ombe, na mistari yangu ilikuwa haijagusana vizuri. Umeme ukifuata mistari unapita. Ukiivuka unapata taabu. Nikasogeza mistari karibu, tofauti ikapungua sana.

Kihisi cha kwanza hakikuonyesha kitu kidoleni. Tepu peke yake ni nyembamba mno: unapoikunja, uso wake hauvutiki vya kutosha. Nikaibandika juu ya filamu ya eksirei ya zamani ya Mama mwenyewe, mchoro ukakaa mbali zaidi na katikati ya unene, na ukinzani ukaanza kupanda waziwazi kila nilipokunja. Nikafunika kwa silikoni angavu ili unga usitoke. Kwa kuwa kinayumba kadiri kinavyotumika, kila asubuhi kabla ya mazoezi nakizungushia kwanza vipande viwili vya bomba, cha inchi moja na cha nusu inchi, nipate vipimo vya kulinganishia.

Siku Mama alipokivaa, kidole cha shahada kilipandisha ukinzani kwa asilimia 2. Akaitazama mita.

"Ni mimi huyo?"

"Ni wewe, Mama."

Akakunja tena bila kuambiwa. Wiki ya sita ilikuwa asilimia 7.